Viazi Vitamu vya Wifi Yangu

Mama yangu alipotoka hospitali homa ilikuwa imekwisha, lakini hamu ya kula ilikuwa imeondoka nayo. Daktari alituambia hana ugonjwa tena, kilichobaki ni chakula tu. Alilisema kama jambo jepesi. Mimi ndiye niliyeishi na mama katika nyumba yake hapa Kisangani, na mimi ndiye niliyerudi jikoni kila siku na sahani ikiwa karibu vile vile nilivyoipeleka.

Nilimpikia kila kitu nilichojua anakipenda. Mama ni mtoto wa wavuvi wa upande wa Yanonge. Samaki kwake si chakula tu, ni nyumbani. Nilimfungia samaki kwenye majani na pilipili na nyanya, samaki nikamchoma polepole juu ya makala, yaani makaa. Nilimtwangia lituma, ndizi na muhogo pamoja, mpaka mikono ikaniuma. Nilimpikia sombe, majani ya muhogo. Aligusa kwa ncha ya kidole, akalamba, akasema, "Aksanti, mutoto yangu, nimeshiba," kisha akageukia ukuta.

Wakati ule nilikuwa nashona nguo barazani. Ndoa yangu ilikuwa imevunjika miaka kadhaa kabla, sikujaliwa mtoto, nikarudi kwa mama na cherehani yangu. Kwa hiyo tulikuwa wawili tu, na nilizoea kujiona kuwa mimi ndiye mtu wake. Nilijua anavyopenda chai yake, nilijua bega lipi linamuuma mvua ikikaribia. Kama kulikuwa na mtu wa kumrudisha mama mezani, nilikuwa na hakika mtu huyo ni mimi.

Basi Jumanne moja akaja wifi yangu, mke wa mdogo wangu wa kiume, na sufuria iliyofungwa kwenye kitambaa cha kikwembe.

Lazima niseme ukweli kuhusu wifi yangu na sisi. Mdogo wangu anafanya kazi ya mizigo kwenye uwanja wa ndege wa Bangboka, na wanakaa kwenye barabara ya kwenda huko. Alipomleta mwanamke huyu kumuonyesha mama, mama alimuuliza anatoka wapi. Akajibu kwamba ni mtu wa Yahuma, wazazi wake ni wakulima. Mama akanigeukia na kusema kwa sauti ambayo mgeni aliisikia vizuri, "Bon, tutamufundisha samaki." Nikacheka. Tulicheka siku ile na siku nyingine nyingi. Kila alipotupikia tulipata la kusema: mchuzi mzito, mchuzi mwepesi, samaki kavunjikavunjika. Alikuwa anasikia, ananyamaza, anaosha vyombo, anaondoka. Mimi na mama tulipatana sana katika mambo ya kumcheka yeye.

Jumanne ile aliingia moja kwa moja chumbani kwa mama, akakaa kwenye kigoda karibu na kitanda, akafungua sufuria. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sahani yangu ya samaki.

Harufu ilifika kabla sijaona kitu. Karanga, tangawizi, na kitu kitamu chini yake kama sukari inayoanza kuungua. Vilikuwa viazi vitamu, mbala kama tunavyosema hapa kwa Kilingala. Alikuwa amevikata vipande vya duara, akavipanga tabaka juu ya tabaka, katikati akapaka karanga zilizosagwa pamoja na kitunguu na mawese kidogo, halafu akavioka mpaka juu vikafanya ngozi ya kahawia. Pembeni mwa sufuria utamu wa viazi ulikuwa umetoka na kuganda mweusi.

"Mama, nimekuletea kidogo cha kusindikiza samaki," alisema. "Samaki najua semeki yangu iko anajua kupika kunizidi."

Semeki ndilo neno tunaloitana mawifi na mashemeji. Alilisema kwa heshima na bila kunitazama. Akachukua sahani yangu, akaweka vipande viwili vya viazi pembeni ya samaki, akampa mama.

Mama alikula kile cha kwanza. Alikitafuna muda mrefu, macho yamefumba. Akala cha pili. Kisha akanyoosha sahani kwa wifi yangu, siyo kwangu, na kusema, "Ongeza."

Akaongezewa. Akala vyote. Samaki wangu alibaki pale pale pembeni, mzima, na jicho lake.

Mtu angesema nilipaswa kufurahi. Mama alikuwa hajala hivyo kwa wiki tatu. Na ni kweli kitu kimoja ndani yangu kilifurahi. Lakini kulikuwa na kingine kikubwa zaidi, na nilipobeba ile sahani kurudi jikoni nilimla yule samaki mwenyewe, kwa hasira, nimesimama.

Akawa anakuja kila baada ya siku mbili. Alipanda moto, hizo pikipiki za abiria, sufuria ameipakata mapajani kama mtoto mchanga. Alipofika alimkuta mama ananyoosha shingo. Alikaa naye saa nzima, wakati mwingine zaidi, na mimi nikiwa barazani kwenye cherehani nilisikia sauti zao bila kusikia maneno. Halafu nilisikia mama anacheka. Mama yangu, aliyekuwa hanijibu mimi zaidi ya neno moja, anacheka na mwanamke wa Yahuma! Nilishona mkono wa blauzi ya mteja kinyumenyume siku ile, ikanibidi nifumue.

Nikaamua kuvipika mwenyewe. Ni viazi vitamu tu, nilijiambia, si dawa. Nilinunua sokoni vilivyo vibichi kabisa, vyenye udongo bado, nikavimenya, nikavikata, nikapaka karanga, nikaweka sufuria juu ya makala. Chini viliungua, juu vikabaki vyeupe na vigumu, na katikati vilitoa maji kama supu. Nilimpelekea mama hivyo hivyo. Akatia kipande mdomoni, akakitoa kwa vidole viwili, akakiweka ukingoni mwa sahani kwa adabu.

"Si vya bibi ya mudogo yako," alisema.

"Ni vyangu, mama."

"Iii. Nimeona."

Ijumaa moja wifi yangu alifika mapema kuliko kawaida. Mama alikuwa amelala. Mtoto mdogo wa wifi yangu alikuwa na kikohozi, hakuweza kungoja, akanikabidhi sufuria mlangoni. "Umupatie kama ameamuka," alisema. "Umwambie namusalimia." Akarudi kwenye moto ileile iliyomleta.

Nilisimama jikoni na ile sufuria yenye joto mikononi. Sikupanga. Nilitoa vile viazi vyote, nikavihamishia kwenye sufuria yetu yenye mfuniko wa buluu, ambayo mama anaijua. Ile ya wifi yangu niliisugua kwa mchanga na majivu mpaka ikang'aa, nikaificha nyuma ya ndoo.

Mama alipoamka nilimpelekea.

"Nimepika tena," nilisema.

Alikula kipande kimoja, akaniangalia. Alikula cha pili. Akaweka mkono wake mwembamba juu ya mkono wangu.

"Leo umejua," alisema. "Mutoto yangu, leo umejua kweli."

Nimejaribu mara nyingi kusema kwa uaminifu nilisikia nini. Nilisikia raha. Raha kamili, kwa muda ambao mama alimaliza sahani. Niliketi kwenye kile kigoda cha wifi yangu nikamwangalia akila. Aibu ilikuja baadaye, nikiwa naosha sahani, na hata hiyo haikuwa kubwa kama ilivyopaswa.

Jumapili walikuja wamama wa kanisa, watatu, kumwombea mama. Wifi yangu na mdogo wangu nao walikuwepo. Baada ya sala wamama wakasema, ee, mgonjwa anarudi, mashavu yanaonekana. Na mama, aliyekuwa ameketi kitandani na kitambaa kipya kichwani, akasema kwa fahari:

"Ni binti yangu. Ijumaa alinipikia mbala. Nilikula nikalamba vidole. Hata huyu bokilo yangu," na akamwonyesha wifi yangu kwa kidevu, maana bokilo ni mkwe, "hata yeye hawezi kufikia."

Wote wakaniangalia. Nilitazama sakafu, halafu nikainua macho, kwa sababu nilitaka kujua anafanya nini. Wifi yangu alikuwa amemshika mtoto wake anayekohoa. Alinitazama. Hakukunja uso. Alimpandisha mtoto begani, akamwambia mama:

"Ni kweli, mama. Semeki iko anapika muzuri."

"Alors wewe pumzika," mama akamwambia. "Mutoto anakohoa, njia ni ndefu. Usijichokeshe tena. Mimi sasa niko na mupishi hapa nyumbani."

"Sawa, mama."

Wifi yangu angeweza kunivua nguo mbele ya wamama wale kwa sentensi moja, na hakufanya. Na mimi, badala ya kumshukuru moyoni, nilimchukia zaidi. Nilimwonea wivu kwa viazi vyake, na sasa ilinibidi nimwonee wivu hata kwa ukimya wake.

Aliacha kuja. Jumatatu nilipika, vikaungua. Jumatano nilichemsha kwanza, vikapondeka. Alhamisi niliongeza sukari, na mama akasema amekula kitu cha kuwapa watoto kwenye ubatizo. Ijumaa hakufungua mdomo kabisa. "Weka pale," alisema, na uso wake ukarudi ukutani. Jumamosi alikunywa uji vijiko vinne. Niliona mifupa ya shingo yake imeanza kutokeza tena, nikafahamu kwamba nikiendelea kuilinda heshima yangu, mama ndiye atakayelipa.

Jumatatu asubuhi nilichukua ile sufuria nyuma ya ndoo, nikapanda moto kwenda kwake.

Nilimkuta nyuma ya nyumba, mbele ya tanuri ya udongo. Anaoka mikate midogo na kuiuza kwa wafanyakazi wanaopita kwenda Bangboka. Nilikuwa sijui, au nilikuwa nimeambiwa na sikusikiliza. Miaka minane ni mke wa mdogo wangu, na nilikuwa sijawahi kufika nyuma ya nyumba yake.

"Karibu, semeki," alisema bila kusimama. Alikuwa anatoa mikate ya mwisho kwa ubao mrefu. "Mama iko namna gani?"

"Hali chakula. Amerudi vile alivyokuwa."

Aliweka ubao chini. Nikampa sufuria. Aliipokea, akaigeuza huku na huku juani.

"Nilijua siku ile ile ya Jumapili," alisema, "lakini leo ndiyo nina hakika. Hii sufuria ilikuwa nyeusi tangu nilipoinunua. Mutu asiye na kitu ya kuficha hasugui sufuria ya mwenzake namna hii."

Nilisema tu, "Unisamehe."

"Unataka nini?"

"Unifundishe."

Alicheka kidogo, lakini si kwa furaha. "Miaka minane mulinicheka, wewe na mama. 'Tutamufundisha samaki.' Nilikuwa nasikia, semeki. Nilikuwa narudi hapa, namwambia bwana yangu kwamba niko na kichwa kinauma, nalala. Na sasa kitu kimoja, kimoja tu, mama yako anapenda kutoka mukono yangu, na hicho nacho umekichukua."

Alisema yote hayo kwa sauti ya chini, akipanga mikate kwenye beseni. Nilitamani anipigie kelele. Nilikaa juu ya gogo la kuni, na machozi yakaanza, naye akaniacha nilie mpaka beseni likajaa. Hakuja kunishika bega. Alipomaliza kufunika mikate alisema, "Bon. Simama. Tanuri itapoa."

Kwanza alinionyesha viazi. Vilikuwa kwenye ukuta mfupi, vimepangwa juani, vimeanza kunyauka, ngozi yake imekunjamana.

"Wewe unanunua vibichi, unapika leo leo," alisema. "Vile viko na maji. Viache jua siku nne, tano, usiku viingize ndani. Maji yanatoka, sukari inabaki. Kwetu hata mutoto anajua."

Hilo "kwetu hata mutoto anajua" alilisema akinitazama machoni. Nililistahili, nikalipokea.

Akaniambia nivioshe bila kumenya, nivichemshe kidogo tu, mpaka kisu kiingie nusu na kukwama. Ndipo nikamenya, nikakata vipande vyenye unene wa kidole. Karanga alizisaga pamoja na tangawizi na chumvi, akalegeza kwa maji ya moto, na kitunguu kilichokaangwa kwenye mawese. Chini ya sufuria tulitandika jani la ndizi. Nilipanga mimi, kila nilipobananisha vipande sana alivitoa na kuvipanga upya bila neno. Mwishoni alikamua nusu ya ndimu juu, akaingiza sufuria kwenye tanuri ambayo haikuwa na moto tena, joto la mikate tu lililobaki.

"Na mimi sina tanuri," nilisema.

"Utaweka makala kidogo chini, mengi juu ya mufuniko. Na utangoja. Wewe unapika kama mutu anakukimbiza."

Tulingoja. Ilikuwa karibu saa nzima na hatukuongea sana. Aliniuliza kama naweza kumshonea mtoto sare ya shule, nikasema naweza. Nilimuuliza huwa wanaongea nini na mama saa yote ile.

"Ananiulizia kwetu," alisema. "Namna tunalima, namna mama yangu alikuwa anaoka. Anauliza maneno ya luga yetu, anayasema vibaya, tunacheka. Halafu ananihadizia Yanonge wakati alikuwa mutoto."

Mimi sikuwahi kumuuliza mama kuhusu utoto wake tangu aumwe. Nilikuwa naweka sahani, nangoja dakika moja nione kama anakula, narudi kwenye cherehani. Wivu ulinishika tena pale pale, nikiwa mgeni wake, nimeketi kwenye gogo lake.

Nilirudi nyumbani na viazi vikiwa bado na joto, nikampelekea mama kwenye sufuria nyeupe iliyong'aa ya wifi yangu. Kabla hajala nilimwambia. Nilisema vya Ijumaa ile havikuwa vyangu, niliiba, na hivi tumepika wawili.

Nilidhani atanitukana, na ulimi wake ni mkali mpaka leo.

"Nimemwambia asije," alisema. "Mbele ya batu, mbele ya wamama ya kanisa. Nimemufukuza mutoto ya wenyewe." Akavuta shuka mpaka kiunoni. "Mupigie simu. Mwambie nimesema arudi."

"Na viazi?"

"Viazi nitakula. Mupigie kwanza."

Nikapiga. Nilimpa mama simu, nikatoka nje ili nisisikilize, na nikasikiliza. Alimwomba wifi yangu msamaha. Mama yangu hajawahi kuniomba mimi msamaha katika maisha yangu yote, na sababu za kuniomba zipo.

Alirudi Alhamisi, na siku nyingine baada ya hiyo. Mama alipata nguvu. Alianza kukaa barazani, halafu kutembea mpaka kisimani, halafu kugombana na majirani, ndipo tukajua amepona. Na alipopona alisema anataka kwenda kukaa kwa mdogo wangu mwezi mmoja, akaone tanuri, akaone wajukuu. Nilimfungia nguo zake mwenyewe. Mwezi ukawa miezi mitatu. Nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba nilikuwa nafungulia redio nisiyoisikiliza.

Kila Jumapili nilikwenda kwao. Jumapili moja nilibeba viazi nilivyooka peke yangu nyumbani, juani siku tano, makala juu ya mfuniko, bila haraka. Wifi yangu naye alikuwa ameoka vyake. Tukaweka sufuria zote mbili mezani, pamoja na samaki. Mama alionja vya huku, akaonja vya kule, mdogo wangu akamwambia asianze kulinganisha, akaanza.

"Vya binti yangu," alisema, "leo vinazidi."

Nilimwona wifi yangu. Mkono wake uliokuwa unagawa samaki ulisimama hewani. Aliangalia meza, akaendelea kugawa, lakini kijiko kiligonga sahani kwa nguvu. Nilijua hasa kilichomshika; ndicho kilichonifanya nimle yule samaki kwa hasira, nimesimama. Nilipaswa kusema mara moja kwamba viazi ni vyake, nimejifunza kwake, kila kipande. Sikusema. Nilikaa na ile sifa mdomoni muda mrefu kuliko ilivyofaa, mpaka watu walipomaliza kula.

Tulipokuwa tunaosha vyombo nyuma ya nyumba nilimwambia, "Mama anasema tu."

"Najua."

"Si kweli."

"Ni kweli," alisema. "Nimeonja. Umeweka ndimu kunizidi." Akanipa sahani niipanguse, ikiwa bado inachuruzika maji, na hakunitazama. "Na imeniuma, semeki. Nisikudanganye."

"Najua inavyouma," nilisema.

Akaniangalia basi, akatikisa kichwa, akaniuliza ndimu ngapi.